Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mifumo ya Linux, kutoka saiba ya Majengo, Mombasa

Kwa waheshimiwa wasimamizi wa miradi inayotengeneza na kusambaza mifumo ya kompyuta ya Linux,
pamoja na watunzaji wa kiini cha mfumo (programu ya ndani inayoongoza vifaa vyote), wa mazingira ya mezani (madirisha na menyu) na wa huduma ya uchapishaji,
popote mlipo.

MINTARAFU: KERO ZA KILA SIKU ZINAZOWAUMIZA WATUMIAJI WENU WA PWANI

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, naomba kujitambulisha. Mimi ni mwenye saiba mtaa wa Majengo, kisiwani Mombasa. Kazi yetu ni ile inayofanywa na saiba yoyote ya Kenya: kuwajazia watu marejesho ya kodi, kuwaombea vyeti vya maadili mema na pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuchapa wasifu za kazi na barua za mashtaka ya ardhi, kuskani, kutoa kopi, kuprinti. Kompyuta zote za mezani kwangu zinaendeshwa na Linux. Nilihamia kwenu kwa hiari yangu na sina nia ya kuhama.

Nalisema hili mapema ili asiwepo atakayenidhania adui. Mashine zetu ni mitumba iliyokwisha kufanya kazi katika ofisi za ng'ambo kabla ya kushushwa bandarini Kilindini. Nyingi haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko zilizomo. Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wenzangu wengi wa kazi hii walibaki kuulizana wafanye nini na kompyuta ambazo bado ni nzima. Zangu ziliendelea na kazi kama kawaida. Halafu kuna virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda za mteja na kumwachia njia za mkato zisizofunguka. Kila mwenye saiba anavijua. Kwangu vinapita tu, havina pa kushika. Mfumo ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki leo unalipa kodi ya chumba na karo za watoto Majengo. Shukrani yangu kwenu ni ya dhati.

Lakini shukrani haiondoi haki ya kulalamika, na malalamiko yangu nimeyaleta kwanza kwa njia mliyoiweka wenyewe. Najaza ripoti za hitilafu. Naziandika kwa Kiingereza, naambatisha kumbukumbu za mfumo kama mnavyotaka, kisha nangoja. Jibu linalokuja mara nyingi limeandikwa na mashine: toleo ulilolalamikia limefika mwisho wa matunzo, kwa hivyo ripoti imefungwa, tatizo likiwa bado lipo, fungua ripoti mpya. Tatizo huwa bado lipo. Nafungua mpya, nayo hungoja hadi muda wake ukaisha vilevile. Pale anapojibu binadamu, huniambia nifungue lile dirisha jeusi la amri niandike mstari fulani, na mambo yanaishia hapo. Mstari huo hunisaidia mimi kwenye kompyuta moja. Haumsaidii mwenye saiba wa Likoni wala mwalimu wa kompyuta wa Kisauni, wala mimi mwenyewe nikiweka mfumo upya. Ndiyo sababu leo naandika hadharani, kwa lugha ninayofanyia kazi.

Kero nitakazozitaja zinaonekana tofauti, ila mzizi wake ni mmoja. Mipangilio inayokuja na mfumo imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta yake peke yake, penye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa. Mtu huyo yupo, simkatai. Sisi pia tupo.

1. Flashi inayosema imemaliza kumbe bado

Kama mngeniambia nichague kero moja tu mniondolee, ningechagua hii.

Mteja anakuja na flashi, anataka kuondoka na faili zake: sura ya tasnifu, video ya arusi, hati za shamba zilizoskaniwa. Tunanakili. Mstari wa maendeleo unakwenda mbio hadi mwisho, dirisha linajifunga. Mteja amekwisha kulipa na tuktuk inamngoja nje, basi anachomoa flashi yake na kwenda. Akifika nyumbani anakuta jina la faili lipo lakini faili haifunguki, au hakuna kitu kabisa.

Sababu yake naijua, na nyinyi mnaijua zaidi. Kiini cha mfumo hupokea data kwenye kumbukumbu ya RAM kwanza, kisha huiandika kwenye flashi taratibu, bila mtu kuona. Kiwango cha data kinachoruhusiwa kurundikana huko huhesabiwa kwa asilimia ya kumbukumbu iliyopo. Kadiri kompyuta inavyokuwa na RAM nyingi, ndivyo rundo linavyokuwa kubwa, na flashi ya bei nafuu inaweza kuchukua dakika kadhaa kulimaliza. Ule mstari anaouona mteja unapima data inayoingia RAM. Safari ya pili, ya kutoka RAM hadi kwenye flashi, ambayo ndiyo inayomhusu, haionyeshwi.

Si jambo geni kwenu. Mwaka 2013 wahandisi wa kiini walilijadili waziwazi, na Torvalds mwenyewe akaeleza kwamba kupima kwa asilimia kulitokana na enzi ambapo kompyuta zilikuwa na megabaiti chache tu za kumbukumbu. Tangu hapo miaka imepita, RAM imeongezeka, na hadi leo kwenye mashine zangu mstari bado unafika mwisho kabla ya kazi kwisha.

Mnalo onyo linalosema data bado inaandikwa, usichomoe. Ni onyo zuri, ila hutokea pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kutoa flashi. Wateja wa saiba hawabonyezi. Tangu mwaka 2018, kwa toleo la 1809, Windows 10 iliweka uchomoaji wa haraka kuwa ndio mpangilio wa kawaida, na watu wamezoea hivyo kazini na shuleni. Wakija kwangu wanafanya walichozoea. Nimebandika karatasi ukutani, nimewafundisha wasaidizi wangu, na kila mteja tunamkumbusha kwa mdomo. Siku ya msongamano hakuna anayekumbuka.

Anayepoteza kazi yake hawezi kujua habari za RAM. Anajua kwamba saiba ile ilimpotezea faili, na mtaani kwetu habari hiyo inafika Mwembe Tayari kabla ya magharibi. Fedha ya kunakili upya ni ndogo, naweza kuirudisha. Imani ya mteja siwezi kuinunua kwa shilingi.

2. Masasisho yanayokula bando na kuogopa giza

Mombasa ndipo intaneti ya Kenya inapoingilia. Tangu mwaka 2009, mikongo ya chini ya bahari kama TEAMS na SEACOM imetua hapa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Aliye mbali anaweza kudhani kwamba sisi tulio jirani na mikongo hiyo tunaogelea kwenye intaneti. Ukweli ni kwamba mimi na wenye biashara ndogo wengi tunanunua bando kwa M-Pesa na kuliweka kwenye rauta ya laini ya simu. Bando lina kipimo, na lina saa yake ya kuisha.

Mfumo wenu unao uwezo wa kutambua mtandao unaohesabiwa. Nikiunganisha kompyuta na simu ya Android, simu yenyewe huiarifu kompyuta kwamba data hii ina kipimo, na NetworkManager, programu yenu ya kusimamia mitandao, huelewa. Hapo mlifanya kazi nzuri sana. Rauta ya laini ya simu haitoi taarifa hiyo. Kompyuta ikiiona, inaichukua kuwa ni mtandao usio na mwisho, inaanza kupakua. Swichi ya kuiambia ukweli ipo, lakini imefichwa ndani ya mipangilio, inawekwa kwa kila kompyuta peke yake, na si kila programu inayopakua masasisho inaiheshimu.

Kisha kila mashine inapakua faili zilezile kivyake. Kilichokwisha kuingia chumbani asubuhi kupitia kompyuta ya mlangoni kinapakuliwa upya na ile ya pembeni, na inayofuata, kwa bando lilelile. Windows ina utaratibu wa mashine za mtandao mmoja kugawana masasisho tangu mwaka 2015. Kwenu inawezekana kuweka seva ya akiba, yaani kompyuta moja inayohifadhi kilichopakuliwa ili nyingine zichukue hapo, na nimeona watu wakiisifu, lakini kuisanidi kunahitaji fundi na dirisha jeusi. Wekeni kitufe.

Nayo mizigo inazidi kukua. Njia mpya za kufunga programu, Snap na Flatpak, zina faida nimeiona kwa macho: programu inakuja na vitu vyake na haigombani na nyingine, na imetengwa na faili za mtu kwa usalama. Gharama yake ni kwamba programu ndogo huweza kudai mamia ya megabaiti ya maktaba, yaani vipande vya msimbo inavyovitegemea, siku ya kwanza. Anayetengeneza katika mji wenye nyaya za kasi hawezi kuliona hilo. Mimi naliona kwenye ujumbe wa simu unaoniambia bando limekwisha, mteja akiwa katikati ya fomu ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi.

Umeme nao. Ukikatika wakati masasisho yanaendelea, mara nyingine kompyuta huwaka ikiwa na vifurushi vilivyowekwa nusu, na haikubali kuweka programu nyingine mpaka mtu aandike amri ya kuukamilisha ule usakinishaji. Ujumbe unaotokea umeandikwa kwa lugha ya mafundi, si ya mwenye kompyuta wa kawaida. Chromebook, ambazo nazo zimejengwa juu ya kiini hikihiki cha Linux, huweka nakala mbili za mfumo na kusasisha ile isiyotumika, kwa hivyo umeme ukikatika nakala nzima bado ipo. Wapo pia miongoni mwenu waliotengeneza mifumo ya kusasisha kwa mkupuo mmoja, ama yote ama hakuna. Kinachokosekana ni nia ya kuifanya njia hiyo iwe ya wote.

3. Printa inayojisimamisha kimya

Umeme umekatika sekunde chache, au karatasi imekwama, au waya umelegea. Tunarekebisha, printa inawaka taa ya kijani. Natuma kazi, haitoki. Mteja anabonyeza tena, haitoki. Anabonyeza mara ya tatu. Kumbe CUPS, huduma ya uchapishaji, kwa mpangilio wake wa asili ikikutana na kosa huisimamisha printa nzima mpaka mwenye mamlaka aiamshe. Kompyuta aliyokalia mteja haimwambii hivyo. Msaidizi wangu hana nenosiri la msimamizi, na si busara awe nalo, kwa hivyo ananitafuta kwa simu popote nilipo. Printa ikiamshwa, zile kazi zote zilizorundikana zinatoka pamoja, kwa karatasi yangu na wino wangu.

Mpangilio mwingine, wa kusubiri kidogo kisha kujaribu tena kazi ileile, umo ndani ya CUPS tayari. Ni suala la kuchagua upi utangulie.

Karatasi nayo. Kenya tunatumia A4. Mtu akiweka mfumo akachagua Kiingereza cha Marekani, ambacho mara nyingi ndicho kinachotangulia kwenye orodha, hupewa ukubwa wa Letter, ulio mpana kidogo na mfupi kuliko A4. Hapo printa nyingine husimama ikidai karatasi isiyouzwa katika duka lolote la Mombasa, nyingine hukata mstari wa chini. Mfumo umekwisha kuniuliza niko saa za wapi, nami nimejibu Nairobi. Ungeweza kutambua karatasi inayotumika huku kwa jibu hilohilo.

Juu ya printa za zamani zinazohitaji draiva za siri za mtengenezaji sitasema mengi, najua mikono yenu imefungwa.

4. Siri za wateja kwenye kompyuta ya pamoja

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kuwasilisha marejesho ya kodi Kenya. Wiki ile saiba hujaa hadi barazani. Mmoja anainuka, mwingine anakaa hapohapo kiti kikiwa bado moto. Aliyeondoka ameacha nyuma yake nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN, fomu ya mshahara aliyopewa na mwajiri, yote yakiwa kwenye folda ya vipakuliwa, na pengine kivinjari kimeshika nenosiri lake. Mbele ya vitu hivyo sasa ameketi mtu asiyemjua.

Zamani baadhi ya mifumo yenu ilikuwa na kikao cha mgeni. Mteja anaingia bila nenosiri, anafanya kazi yake, anatoka, na kila alichokiacha kinafutika chenyewe. Hakuna kitu kilichonifaa kama kile katika kazi hii. Ilipoonekana kwamba kikao hicho hakikutengwa vizuri na faili za mwenye mashine, kikazimwa. Kukizima kulikuwa sahihi. Kutokirudisha kikiwa kimetengenezwa ndiko ninakokulalamikia. Mifumo michache bado inacho, na nawapongeza waliokitunza. Kwingine umebaki ushauri wa kuandika hati ya kufuta folda kila mtu anapotoka, hati ambayo kila saiba inaiandika kivyake, na ikikosewa herufi moja inafuta kisichotakiwa.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Data ya mteja ikivuja mezani kwangu, anayewajibika ni mimi. Lakini kabla ya sheria kuna heshima ya mtu. Mama aliyekuja kuombea mwanawe ufadhili amenionyesha kipato cha nyumba yake, na hilo ni jambo ambalo hajawaonyesha ndugu zake.

Kwenye meza hizohizo kuna jambo jingine dogo linaloudhi. Nikiweka kompyuta iingie yenyewe bila nenosiri, kivinjari kikifunguliwa linajitokeza dirisha linalodai nenosiri la hazina ya funguo, yaani pale mfumo unapohifadhi manenosiri. Mteja hajui hazina gani. Wengine wameandika humo nenosiri la barua pepe zao, wengine wameogopa wakaondoka. Naomba dirisha hilo lisimfikie mtu asiyehusika nalo.

5. Kiswahili cha nusu

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya Kenya ya 2010. Ni lugha ya wateja wangu wazee kwa wadogo. Nikiuweka mfumo kwa Kiswahili, menyu moja inasema "Faili", ya pili yake inasema kwa Kiingereza, na ujumbe wa hatari, ule ambao mtu anahitaji kuuelewa kuliko wote, uko kwa Kiingereza karibu kila mara. Mchanganyiko huo unamchanganya mteja kuliko Kiingereza kitupu, kwa hivyo nimelazimika kurudi kwenye Kiingereza.

Hatukuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Istilahi zilitafutwa, watu walikaa wakabishana, kazi ikatoka. Programu zimebadilika mara nyingi tangu wakati ule, na tafsiri isiyotunzwa hufa yenyewe kila toleo jipya linapoongeza maneno. Wafasiri wa kujitolea wakichoka, hakuna anayepokea.

Kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili ipo, ila haiji na mfumo mpaka uitafute. Kwa hivyo mwanafunzi anayechapa insha yake anaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu, na wapo walioniuliza kwa unyonge kama kweli wamekosea ukurasa mzima. Hapa Mombasa pia wapo masheikh na wasomi wanaotaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyoandikwa tenzi za zamani za Mvita na Lamu. Kibodi ya Kiarabu iliyomo haina mpangilio wa herufi za ziada za sauti zetu kama p, ch na v mahali ambapo mzee atazipata bila kufundishwa. Wakija, natafuta herufi moja moja kwenye jedwali na kuzibandika.

6. Vifaa vidogo vya Wi-Fi

Hili ni fupi. Vile vifaa vya kuchomeka vya Wi-Fi vinavyouzwa Mombasa kwa bei nafuu mara nyingi vinahitaji draiva ya kutafutwa nje ya mfumo. Inafanya kazi mpaka siku kiini kinaposasishwa, kisha mtandao unatoweka, na draiva mpya inapatikana kwa mtandao uleule uliotoweka. Mfumo ukijua kwamba draiva itavunjika, useme kabla ya kusasisha.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hivyo nayajibu hapa.

Mtasema mfumo ni wa bure. Ni kweli, na sijawahi kudai fedha ambayo sikuitoa. Ila mmetuita tuje. Kurasa zenu zinasema mfumo ni wa kila mtu, kompyuta ya zamani ipate uhai, nchi zisizo na uwezo zijitegemee. Tumeitikia wito huo na kuweka riziki zetu humo. Aliyealika watu kwake anawajibika kwa wageni wake hata kama chakula hakiuzwi.

Mtasema msimbo uko wazi, arekebishe anayeweza. Mimi naweza kubadilisha mstari kwenye faili la CUPS, na nimebadilisha. Siwezi kuamua mpangilio utakaokuja na mfumo kwa watu wote. Uamuzi huo uko mikononi mwenu peke yenu, na ndio ninaouomba.

Mtasema mnafanya kazi kwa kujitolea. Wafasiri wengi na watunzaji wa programu ndogo ndivyo walivyo, na barua hii haiwalengi hao. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kiini cha Linux hufanywa na wahandisi wanaolipwa na kampuni zao, na kampuni hizo zina vipaumbele. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya TOP500, zenye nguvu kuliko zote duniani, zinaendeshwa na Linux. Waliofikisha mfumo huko hawawezi kuniambia kwamba mstari wa maendeleo wa flashi umewashinda.

Na mtasema kubadilisha mipangilio kutawaudhi waliozoea. Waliozoea ndio wanaojua dirisha jeusi. Wataweza kurudisha wanavyotaka kwa mstari mmoja, ule ule ambao sisi tumekuwa tukiambiwa tuuandike.

Ninachoomba, kabla ya matoleo yenu yajayo ya matunzo marefu, ni haya:

a) Mstari wa maendeleo usifike mwisho mpaka data iwe ndani ya flashi, na kiwango cha data inayosubiri kwenye RAM kwa ajili ya flashi kiwekewe kikomo kidogo bila mtumiaji kulazimika kugusa chochote.

b) Siku ya kwanza mfumo unapounganishwa na mtandao wowote, uulize kwa lugha nyepesi kama mtandao huu una bando la kuhesabiwa, na kila kinachopakua kiheshimu jibu. Kompyuta za chumba kimoja zigawane masasisho kwa kitufe.

c) CUPS kwenye kompyuta za mezani ijaribu tena yenyewe badala ya kusimama, ieleze mtumiaji kilichotokea, na karatasi iwe A4 kwa aliyechagua saa za Nairobi.

d) Kikao cha mgeni kirudi kikiwa salama.

e) Ujumbe wa makosa na wa hatari utafsiriwe kwa Kiswahili kabla ya menyu za mapambo, na kamusi ya tahajia ije na mfumo mtu anapochagua Kiswahili.

f) Ripoti ya hitilafu isifungwe na mashine kwa sababu ya umri peke yake, na ipokelewe hata ikiandikwa kwa Kiswahili.

Kwa upande wangu natoa nilicho nacho. Mkiwa na toleo la majaribio la lolote kati ya haya, nitaliweka kwenye kompyuta za saiba yangu, zenye RAM ndogo kwa kubwa, rauta ya bando, printa ya zamani na wateja wasiobonyeza kitufe cha kutoa flashi. Niko tayari pia kukaa na wafasiri wenu kuzipitia zile jumbe za makosa moja baada ya nyingine, kwa sababu najua ni zipi zinazowakwamisha watu mezani. Mtu mmoja miongoni mwenu anijibu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, aniambie lipi litafanywa, lipi halitafanywa, na kwa nini.

Wenu katika kazi,

Mwenye saiba,
Majengo, Mombasa